Krediti zimepokelewa, lakini zimetimiza sharti gani? Kuhama kutoka chuo cha jamii California

Mwanafunzi anaweza kuingia chuo kikuu na krediti 60 (vipimo vya uzito wa kozi alizosoma), zote zimepokelewa, kisha akaambiwa bado ana miaka mitatu mbele yake. Krediti kupokelewa ni jambo moja, na krediti hiyo kutimiza sharti la shahada ni jambo jingine. Kozi isiyolingana na sharti lolote huingizwa kama ya hiari: hesabu inaongezeka, safari haifupiki. Kwa familia nyingi zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani, zikiwemo zilizotoka Kongo kama wakimbizi, chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, ndicho mlango wa elimu ya juu, kwa hiyo hili linafaa kujulikana kabla ya kujisajili muhula wa kwanza.

California ina vyuo vya jamii 116. Wanaohama huelekea zaidi kwenye mifumo miwili ya vyuo vikuu vya umma, CSU (California State University) na UC (University of California). Makubaliano ya kozi kati ya vyuo hivi yamewekwa kwenye tovuti ya ASSIST, bila malipo. Unachagua chuo ulichopo, kampasi unayoitaka, fani na mwaka. Unaona kozi ya huku inasimama badala ya ipi ya kule. Soma ukurasa wa fani yako, usiishie kwenye orodha ya jumla ya kozi zinazohamishika, maana hapo ndipo wengi hupotea. Fani za uhandisi na sayansi zina minyororo ya kozi, kwa mfano fizikia ya mihula miwili au mitatu. Ukianza mnyororo chuo kimoja na kuumalizia kingine, vipande vinaweza kukosa kulingana, na ukajikuta unarudia. Umalize palepale ulipouanzia. Vyuo vikuu vya majimbo mengine, na vingi vya binafsi, havimo ASSIST. Huko omba tathmini ya maandishi na uihifadhi.

Kwa anayelenga CSU, njia tunayoipendekeza kwanza ni shahada ya miaka miwili ya uhamisho, ADT, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2010. Ina krediti 60, na ukiendelea na fani inayofanana, CSU haitakudai zaidi ya 60 nyingine. Inakuhakikishia nafasi ndani ya mfumo, lakini haikuhakikishii kampasi uliyoipenda.

UC ina mpango wa TAG, ambao hukuhakikishia nafasi katika kampasi moja kati ya sita: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Fomu hujazwa mwezi Septemba tu, na ni kampasi moja pekee. Kila kampasi na fani ina kiwango chake cha GPA, yaani wastani wa alama. Kiwango cha chini cha kuhamia UC kwa mkazi wa California ni 2.4, lakini kwenye fani zenye ushindani usitegemee namba hiyo. UC pia haihesabu zaidi ya krediti 70 za ngazi ya chini (kozi za miaka miwili ya kwanza). Zinazozidi zinaweza kutimiza sharti la somo, ila haziongezi jumla. Kukaa chuo cha jamii mwaka wa nne "kukusanya krediti" ni kulipia kisichohesabika.

Chuo chenye mihula ya robo hutumia kipimo kingine: krediti 90 za robo ni sawa na 60 za muhula wa kawaida. Zidisha kwa mbili, gawa kwa tatu. Madarasa ya Kiingereza yasiyo na krediti hayahamishiki, ingawa faida yake ni kubwa.

Masomo ya msingi sasa yana mpangilio mmoja kwa CSU na UC, Cal-GETC, ulioanza muhula wa vuli wa 2025: kozi 11, krediti 34, kila moja kwa alama C au zaidi. Ukishakamilisha, omba cheti cha kuthibitisha. Usidhani kitatumwa chenyewe pamoja na transkripti, yaani rekodi rasmi ya matokeo yako. Kikikosekana, kampasi inaweza kukudai masomo yake ya msingi upya.

Katika maombi, taja kila chuo ulichosoma, hata kile cha Nairobi au Bukavu ulichokiacha baada ya muhula mmoja. Kuficha kunaweza kufuta udahili. Transkripti za mwisho ziwe zimefika UC kufikia tarehe 1 Julai, moja kutoka kila chuo.