"Rejesho ni elfu kumi tu kwa siku": tunavyoamini kuhusu mikopo na akiba, na hesabu zinavyosema

"Rejesho ni elfu kumi tu kwa siku, nitalimudu." Utaisikia soko la Mbuyuni hapa Moshi, utaisikia Kiboriloni, na ukifika Arusha utaikuta soko la Kilombero. Kauli hiyo inaiuza mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa na marejesho ya haraka, kuliko tangazo lolote, na inaniuma kwa sababu wanaonaswa ni watu wanaojituma, wengi wao akina mama wanaoamka alfajiri kuwahi ndizi zinaposhushwa.

Hebu tupige hesabu. Mama wa ndizi anakopa 200,000. Kabla hajatoka ofisini anakatwa 10,000 ya fomu, anaondoka na 190,000. Anarejesha 10,000 kila siku isipokuwa Jumapili, kwa siku 26. Jumla 260,000. Ameambiwa riba ni asilimia 30, na yeye anaamini ndiyo gharama yote. Lakini hiyo laki mbili hakukaa nayo mwezi mzima. Kesho yake tu alianza kuirudisha. Kufikia siku ya 13 ameshalipa 130,000, na pesa ya mkopeshaji iliyobaki mikononi mwake ni 60,000, huku riba ikihesabiwa kana kwamba bado anayo yote. Kwa wastani ametumia nusu ya mkopo, au pungufu kidogo, na ameulipia 70,000. Gharama halisi ni zaidi ya mara mbili ya ile asilimia 30.

Sasa linganisha. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana, yaani wasiotunza akiba za wateja. Kwa laki mbili hiyo ni 7,000.

Kuna wanaodhani mkopeshaji wa mtaani hana wa kumuuliza. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayekopesha kibiashara awe na leseni. Kwa hiyo kumwambia afisa mikopo, "Kaka, naomba kuona leseni yenu," ni haki yako kabisa, na uiombe kabla ya kusaini. Hata wanaokopesha kwa simu wamo: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Na kadi ya benki pamoja na namba ya siri usimpe mtu kama dhamana, hata akiwa jirani. Benki zenyewe zinakataza.

Dhana ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu ina ukweli ndani yake: "Kipato changu kidogo, sina cha kuweka." Asiyejua watoto watakula nini jioni hahitaji kuhubiriwa akiba. Ila mama wa ndizi ametoa 70,000 kwa mwezi mmoja, na akikopa tena mwezi ujao atatoa nyingine. Pesa ya akiba alikuwa nayo, ikaenda kwa mtu mwingine. Ndiyo maana nakitetea kikoba kinachoendeshwa vizuri: mnanunua hisa kwa kiasi mnachokiweza, mnakopeshana, na riba mnayolipa inabaki kwenye sanduku lenu mpaka siku ya mgao. Sanduku liwe na kufuli zaidi ya moja na funguo zishikwe na watu tofauti. Hapo msioneane haya.

Mchezo nao, ule wa kuchanga na kupokea kwa zamu, wengi wanauita akiba. Inategemea zamu yako. Watu kumi wakichanga 20,000 kila wiki, wa kwanza kupokea 200,000 amekopeshwa na wenzake tisa bila riba. Wa kumi ndiye aliyeweka akiba hasa, naye ndiye anayeumia kukitokea mtu amepokea mapema kisha akahama mtaa. Anayetafuta mtaji aombe zamu za mwanzo. Anayelenga sare za watoto aombe za mwisho.

Kuhusu hela ndogo ndogo sitasema mengi. Bodaboda ya 1,000 kwenda na 1,000 kurudi kwa siku 26 ni 52,000. Mwenye mzigo mzito apande tu, asijitese. Lakini andika kila unachotoa kwa wiki moja, kwenye daftari au nyuma ya kalenda, kisha uamue kipi ungelipia tena.

Halafu kuna Desemba. "Krismasi ni mara moja kwa mwaka," tunasema, na huku kwetu Uchaggani ina uzito wake: ndugu wanapanda kutoka Dar, lazima kuchinja, nauli za Rombo na Marangu zinapanda. Sipingi furaha hiyo hata kidogo. Tatizo ni kwamba vikoba vingi vinavunjwa mwezi huohuo, mgao unaingia na kutoka kabla ya mwaka mpya. Serikali ilishafuta ada shule za msingi na sekondari za umma, lakini viatu, sare na madaftari vinanunuliwa na mzazi, na hapo wenye kausha damu wanapata wateja. Kikundi kinaweza kuandika kwenye katiba yake kwamba nusu ya mgao itolewe Desemba, nusu nyingine wiki ya kwanza ya Januari kabla shule hazijafunguliwa. Ajenda hiyo ipelekwe kwenye kikao cha Oktoba, kabla watu hawajaanza kuahidi mbuzi.