Kosa la wakili si ufunguo wa gereza la Shimo la Tewa

Wiki hii tena. Mama wa watu kapanda matatu kutoka Kisauni, kaketi ofisini, hata maji hajanywa: "Wakili, yule mwenzako wa kwanza alilala mpaka siku za rufaa zikapita, basi kesi si imevunjika? Mwanangu atoke." Nimechoka, nimeamua kuandika, mwingine akija ntamtumia linki tu.

Mamangu, hakuna kilichovunjika. Kifungu cha 349 cha sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za jinai kinakupa siku 14 tangu adhabu isomwe uwe ushaingiza rufaa Mahakama Kuu. Zikipita unaomba ruhusa ya kuingiza nje ya muda, na jaji akiona kuna sababu nzuri atakupa. Ruhusa yenyewe ndo hiyo tu, kijana bado mfungwa, rufaa haijasikizwa, dhamana ni ombi jingine kabisa. Na kama alikubali kosa mbele ya hakimu, atapinga adhabu tu. Haya, tuendelee.

Kinachoniudhi hasa ni hili "kosa la wakili", watu wanalitamka kama dua. Kweli Jaji Madan wa Mahakama ya Rufaa zamani alishasema kosa ni kosa, mlango wa haki haufungwi sababu wakili kakosea, na sisi mawakili twapenda sana kumnukuu, hasa tukiwa ndo tuliokosea. Lakini jaji ataangalia wakili alifanya nini kisha akugeukie wewe: na wewe ulikuwa wapi muda wote huo? Sasa ukiniletea kurasa sita za kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoapa ni kweli, kwamba yule bwana ni mwizi, ni mlevi, kala pesa, hizo nipe nifungie mahamri. Mimi nataka tarehe.

Mama alipotulia nikamwambia atoe simu, tukaanza kupanda na meseji. Siku ya tatu baada ya adhabu, M-Pesa ya ada. Siku ya tisa kauliza "rufaa umepeleka?" kajibiwa na yule wakili "tunangoja prosidingi mama," yaani nakala ya yaliyorekodiwa kortini. Siku ya ishirini kauliza tena, kajibiwa kidole gumba. Jamani, hicho kidole gumba ndo ushahidi, kinaingia kwenye kiapo na tarehe yake.

Na huko kungoja prosidingi! Rufaa yaweza kwenda na sababu za mwanzo, prosidingi zikija ukaomba kuongeza. Sheria inasema ukichelewa kwa kuwa nakala ulizoomba hukuzipata kwa wakati unaofaa, jaji lazima akupokee, lakini nionyeshe barua ya kuomba ina muhuri wa mahakama, bila muhuri hizo ni hadithi za barazani. Tena aliye ndani hata wakili hahitaji, anampa mkuu wa gereza karatasi zake za rufaa naye anazipeleka kwa msajili.

Ila nikiri, kosa linaishia wapi na uzembe unaanzia wapi, miaka yote hii sijaona mstari. Mambo yale yale, jaji huyu atasema mteja asiadhibiwe kwa dhambi ya mwingine, yule atasema mteja naye alilala. Na vile viapo vya wakili wa kwanza kujibebesha lawama zote, "daftari langu lilikosewa," huwa navisoma mara mbili kabla sijaviamini.

Baada ya kile kidole gumba simu ya mama ina miezi minne ya kimya. Nikamuuliza, akasema alidhani rufaa inaendelea. Mie namwamini, jaji sijui. Kesho anaenda Shimo la Tewa kumuuliza mwanawe kama kuna barua yoyote aliyoandika mwenyewe.