Taji la jino la plastiki inayooza: litahimili kutafuna?

Taji la muda ni kifuniko cha jino kinachovaliwa wakati wa kusubiri la kudumu, na sasa linaweza kuchapishwa kwa printa ya 3D kwa plastiki inayooza. Dhana ninayokutana nayo kuliko zote ni kwamba plastiki hiyo itaozea mdomoni. Sivyo. Inayotumika zaidi ni PLA, itokanayo na sukari ya mahindi au miwa iliyochachushwa, na ili ioze haraka inataka lundo la mboji lenye unyevu na joto la nyuzi 60 hivi. Mdomo una nyuzi 37, na taji la muda huvaliwa wiki au miezi michache tu. (Kwa sababu hiyohiyo, ukilitupa uani halitaoza upesi.)

Wengine husema ni laini mno. Kanuni ya ISO 10477, kiwango cha kimataifa cha plastiki za mataji ya meno, inataka kijiti chenye urefu wa milimita 25, upana 2 na unene 2, kilowekwe saa 24 katika maji ya nyuzi 37, kisha kilazwe juu ya vishikizo viwili na kukandamizwa katikati mpaka kivunjike. Kinapaswa kuhimili mkazo wa megapaskali 50. Kwa kijiti chembamba hivyo, ni kama kukitundikia kilo 1.4 katikati. PLA iliyochapishwa vizuri inaweza kuvuka hapo.

Ila kijiti kufaulu si taji kufaulu, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Printa hupanga tabaka juu ya tabaka. Chapisha vijiti viwili kwa uzi uleule wa plastiki unaoyeyushwa na printa, kimoja kimelala, kingine kimesimama: kilichosimama hukatika mapema, na ukitazama mkatiko wake utauona bapa, umepita katikati ya tabaka mbili. Taji lina kuta nyembamba zilizopinda, na magego yakiuma kwa nguvu zote hufikia mamia ya nyutoni (nyutoni kumi ni kama uzito wa kilo moja). Kwa hiyo taji lenyewe libandikwe juu ya mfano wa jino, ligandamizwe kwa mpira wa chuma, tena baada ya kubanwa maelfu ya mara ndani ya maji.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni joto. PLA huanza kulainika karibu na nyuzi 60, ilhali majaribio ya kulichovya taji katika maji baridi na ya moto kwa zamu kwa kawaida huishia nyuzi 55. Kinywaji cha moto huweza kupita hapo. Taji likilainika halivunjiki. Linabonyea kidogo, ukingo unaachana na jino, mate na bakteria wanapenya chini yake. Kipimo kinachosubiri mlio wa kuvunjika hakitaliona hilo kamwe.