Ujiji si mwembe tu

Itisha mazungumzo ya historia Ujiji, mji wa kando ya Ziwa Tanganyika karibu na Kigoma, iwe uwanja wa shule au barazani kwa mtu baada ya alasiri, na hazitapita dakika kumi kabla mwembe haujatajwa. Atafuata Stanley, mwandishi wa gazeti, kisha Livingstone, mmisionari na msafiri aliyekuja kumtafuta hapa, kisha ile salamu: "Dr. Livingstone, nadhani?" Mimi sina ugomvi na mwembe. Ila kivuli chake kimekuwa kikubwa mno, na humo tumerundika mengi yasiyo ya kweli. Haya ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara.

"Miembe hii ndiyo waliyokutania."

Mti wenyewe ulikufa zamani, na maandishi ya mnara wa kumbukumbu uliojengwa hapo yanakiri hivyo: yanautaja mwembe *uliokuwa* mahali hapo. Inayoonyeshwa wageni leo huelezwa kuwa ni uzao wake. Tarehe ya mnarani, 10 Novemba 1871, ni hesabu ya Stanley. Ukifuata shajara ya Livingstone unaangukia mwishoni mwa Oktoba. Na salamu maarufu? Livingstone hakuiandika popote, na kurasa za siku hiyo katika shajara ya Stanley zilichanwa. Tena, kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, wa kwanza kumwamkia hakuwa mzungu. Alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetokea kwenye umati akamsabahi kwa Kiingereza. Huyo mnara haumtaji.

"Livingstone alipotea, Stanley akamwokoa."

Alipotea kwa magazeti ya ng'ambo. Wajiji walijua alipo: alifika kwao mara ya kwanza Machi 1869, akaenda Manyema, mashariki ya Kongo ya leo, akarudi mgonjwa na kukuta mali yake imeuzwa na aliyekabidhiwa. Stanley alimletea dawa, chakula na barua, hilo tusimnyime. Lakini kurudi kwao Livingstone alikataa. Walipanda mtumbwi pamoja hadi ncha ya kaskazini ya ziwa, wakathibitisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki, kisha wakaagana Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, Machi 1872. Livingstone alifariki mwaka uliofuata kijijini kwa chifu Chitambo, Zambia ya leo, kwa hiyo kaburi lake Ujiji halipo. Na majirani zetu wa Burundi wanaosema wawili hao walikutana Mugere, kwenye jiwe lenye tarehe 25 Novemba 1871, jiwe lao ni la kweli. Ila hapo walipita tu katika safari hiyohiyo.

"Mji huu ulianzishwa na Waarabu."

Hapa ndipo ninapotamani mazungumzo yachukue saa nzima. Ujiji lilikuwa jina la nchi, nchi ya Wajiji. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Februari 1858, mji wenyewe uliitwa Kawele. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameanza kufika yapata miaka ishirini tu nyuma, wakakuta watu wanavua, wanalima na kuuziana. Chumvi ya Uvinza, mashariki ya Ujiji, imekuwa ikichemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi haichemshwi ikae. Inatafuta samaki wa kubadilishana naye.

Soko la Ujiji lilikuwa na fedha yake: shanga ziitwazo sofi, zenye umbo la vipande vya kiko kilichovunjika. Mwingereza Cameron, aliyepita mwaka 1874, alieleza jinsi zilivyozunguka. Soko likifunguliwa, watu wenye mifuko ya sofi waliwapa wanunuzi sofi kwa kupokea shanga za aina nyingine. Jioni wauzaji waliwarudishia sofi hizohizo. Wenye mifuko walipata faida asubuhi, wakapata tena jioni. Hao ni wabadilisha fedha, kazi inayoeleweka vizuri sana na yeyote anayeishi mji wa mpakani.

"Kila aliyebeba pembe za ndovu kwenda pwani alikuwa mtumwa."

Watumwa walipitishwa hapa, na ukatili huo hauna haja ya kupunguzwa. Lakini wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu wa ujira: waliopatana malipo kabla ya kuinua mzigo, na wasiporidhika waliutua.

"Ujiji ilishuka kwa laana."

Ilishuka kwa reli. Wajerumani walihitaji ghuba yenye kina, nayo iko Kigoma. Treni ilifika huko mwaka 1914.

"Mnara umewekwa pasipo, mbona ziwa liko mbali?"

Swali zuri kuliko yote, na mara nyingi huulizwa na watoto. Mnara haukukosea, ziwa ndilo lililoondoka. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Lukuga upande wa Kongo. Katika miaka ya wasafiri hao mlango ulikuwa umezibwa na tope na matete, na maji yalikuwa yakipanda. Yapata mwaka 1878 kizuizi kikavunjika. Katika miaka kumi na mitano hivi iliyofuata, ziwa lilishuka karibu mita 10. Kwenye mwamba mita 10 ni ukuta, lakini kwenye ufuko wa Ujiji, ulioinama taratibu, ni mashamba na mitaa mizima iliyozaliwa kutoka majini.

Miaka ya karibuni maji yamepanda tena, yakazifuata nyumba za ufukweni. Ningekuwa mwandaaji wa mazungumzo, ningewakusanya watu mnarani, nikawapa migongo miembe, tukashuka kwa miguu hadi mahali dagaa wanapoanikwa, kila mtoto akihesabu hatua zake.