Rafu ya Vyombo vya Muziki ya Maelfu ya Dola: Dhana Potofu na Ukweli

Mtu akishanunua amplifaya, spika na mashine ya santuri za kiwango cha juu, muuzaji humkumbusha kwamba bado kimebaki kitu kimoja, nacho ni rafu ya kuviweka. Rafu inayozungumziwa hapa si kabati la sebuleni. Ni chombo kilichobuniwa kwa hesabu, kama ile Fraim ya kampuni ya Naim kutoka Salisbury nchini Uingereza, ambayo vioo vyake hukaa juu ya gololi ndogo za chuma, au zile za Finite Elemente ya Ujerumani. Bei za rafu za aina hii hufika maelfu ya dola bila taabu, na zipo zinazoshinda bei ya gari dogo lililotumika. Kwa kuwa rafu haipitishi umeme wa muziki wala haina sauti yake yenyewe, jambo pekee inaloweza kulifanyia muziki ni kubadilisha namna mitetemo inavyokifikia chombo kilicho juu yake. Kwa hiyo anayetaka kujua kama fedha hizo zinastahili aulize kwanza ni mtetemo gani anaoukabili, unatoka wapi, na ni chombo gani kinachoweza kuusikia.

Dhana: Rafu bora huboresha sauti ya kila chombo kinachowekwa juu yake.

Ukweli ni kwamba katika vyombo vyote vya sebuleni, kimoja tu husoma muziki kwa mwendo wa kimakenika, nacho ni mashine ya santuri. Sindano hufuata mfereji ambao mikunjo yake midogo kabisa haifiki hata elfu moja ya milimita, na katriji, yaani kifaa kidogo kinachobeba sindano, hugeuza mwendo huo kuwa umeme wa takriban milivolti 5, au chini ya nusu milivolti kwa katriji za koili inayocheza. Umeme huo hukuzwa mara mia moja hadi mara elfu moja na zaidi kabla ya kuingia kwenye amplifaya kuu. Si hivyo tu: kwa kanuni ya RIAA (chama cha kampuni za kurekodi muziki cha Marekani), inayofuatwa tangu miaka ya 1950, besi hupunguzwa wakati santuri inapokatwa na kurudishwa wakati wa kuichezesha, kiasi kwamba sauti ya hezi 20 (mitetemo 20 kwa sekunde) hukuzwa karibu mara tisa zaidi ya sauti ya hezi 1,000. Mtetemo wa taratibu unaotoka sakafuni huangukia mahali hapo hapo panapokuzwa kupita pengine pote, na sindano haina namna ya kutofautisha hatua za mpita njia na ngoma iliyorekodiwa studio.

Vyombo vya valvu, yaani mirija ya kioo ya kukuza umeme, vinakuja nyuma yake kwa mbali. Ndani ya valvu mna waya nyembamba zinazoweza kutikisika, na mwenye amplifaya ya awali (inayotangulia ile kuu) ya aina hiyo akiigonga valvu taratibu kwa penseli anaweza kuusikia mgongano huo kwenye spika. Hata hivyo tiba ya kwanza ya valvu inayolalamika ni kuibadilisha, kwa kuwa iliyochoka au iliyoundwa vibaya huendelea kulalamika popote itakapowekwa.

Amplifaya ya transista haina sehemu inayocheza. Baadhi ya kapasita (vihifadhi umeme vidogo) za kauri hutoa umeme kidogo zinapotikiswa, na maabara huweza kuupima, lakini mtikisiko wa kawaida wa sebuleni hauufikishi kiwango cha kusikika. Mashine ya sidii inazunguka, ni kweli, ila inachosoma ni namba, si umbo la sauti. Namba hizo husahihishwa kwa utaratibu unaoweza kuziba pengo la takriban milimita 2.5 kwenye uso wa diski, zikahifadhiwa kwa muda kwenye kumbukumbu, kisha zikatolewa kwa mwendo unaoongozwa na saa ya kioo cha kwatzi. Kwa anayesikiliza kupitia intaneti hakuna hata kinachozunguka. Asiye na mashine ya santuri, kwa maoni yangu, aichague rafu yake kama anavyochagua meza ya chakula: kwa uimara, nafasi, sura na bei.

Dhana: Tatizo lililozaa rafu hizi liko katika kila nyumba.

Hapa ndipo msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa anapaswa kutulia kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Linn ya Glasgow ilianza kuuza Sondek LP12, mashine ya santuri ambayo sahani na mkono wake vimening'inizwa juu ya springi tatu. Mashine hiyo na nyingine za aina yake ziliingia katika nyumba za Uingereza ambazo sakafu zake ni mbao zilizopigiliwa juu ya maboriti, na chini yake ni uwazi. Mtu akipita karibu, mbao zilinesa, meza ikayumba, springi zikacheza na sindano ikaruka. Kutokana na adha hiyo zikazaliwa stendi nyepesi za chuma zenye miguu ya ncha kali na rafu za kufungwa ukutani, na wapo walioona kwamba meza ya Lack ya IKEA, ambayo ndani yake mna karatasi zilizopangwa kama sega la nyuki, inaifanya kazi hiyo kwa bei ya mlo wa hotelini, kwa sababu tu ni nyepesi.

Nyumba nyingi za mijini kwetu zina sakafu ya zege. Zege lililomwagwa juu ya ardhi halinesi kwa hatua za mtu, hata kwa za mtoto anayerukaruka. Kwenye ghorofa mambo hubadilika kidogo, kwani zege jembamba lililotandazwa kwenye nafasi pana linaweza kutetemeka, hasa katikati ya chumba, mbali na nguzo na kuta. Nyumba za kale za Mji Mkongwe na Lamu ni suala jingine: sakafu zake za juu ni boriti za mikoko zilizobebeshwa mawe na chokaa, ni nzito sana, na vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, hivyo hazinesi kama mbao za Kiingereza maadamu boriti hazijaoza. Ndugu zetu waliohamia Ulaya au Marekani na kupanga nyumba za mbao ndio wanaoishi na tatizo lenyewe hasa. Ushauri ulioandikwa kwa ajili ya sakafu ya mbao hauna budi kupimwa upya kabla ya kulipiwa na mtu anayeishi juu ya zege.

Dhana: Miguu ya ncha kali hutenga mtetemo, na raba chini ya chombo hufanya vivyo hivyo.

Ncha kali hufanya kinyume cha kutenga: hukibana chombo na sakafu viwe kitu kimoja. Kazi yake ya halali ni kupenya zulia na kuizuia stendi isiyumbe. Kutenga mtetemo kunahitaji kitu kinachobonyea, na kiasi cha kubonyea ndicho kinachoamua matokeo. Springi inayobonyea milimita 1 kwa uzito wa chombo huwa na mtetemo wake wa asili (kasi inayotetemeka nayo yenyewe ikiguswa na kuachwa) wa takriban hezi 16. Inayobonyea milimita 10 hushuka hadi hezi 5 hivi. Na ili kufika hezi 3 inabidi ibonyee karibu milimita 28. Springi ya kawaida haianzi kutenga chochote hadi mtetemo unaoingia uzidi ule wa asili kwa takriban mara 1.4. Chini ya hapo mtetemo hupita bila kupunguzwa, na pale unapolingana na ule wa asili, badala ya kupungua huongezeka.

Hesabu hii inaziumbua raba nyingi zinazouzwa kwa bei kubwa. Raba ngumu chini ya mashine ya kilo 6 hubonyea kwa sehemu ndogo ya milimita, kwa hiyo mtetemo wake wa asili uko juu ya hezi 20, ilhali mitikisiko ya sakafu inayosumbua sindano mara nyingi iko chini ya hapo. Isitoshe, mkono wa sindano na katriji vina mtetemo wao wa asili, ambao mafundi hupenda uwe kati ya hezi 8 na 12, na rafu inayoyumba katika eneo hilo hilo huchokoza kidonda. Ndiyo sababu mashine yenye springi zake yenyewe, kama LP12, hukaa vizuri zaidi juu ya kitu chepesi kisichonesa kuliko juu ya springi nyingine, kwani mifumo miwili ya springi ikipandana huanza kusukumana. Mashine isiyo na springi juu ya sakafu inayonesa ndiyo inayoweza kufaidika na jukwaa la kutenga lililochaguliwa kulingana na uzito wake.

Uzito wa rafu peke yake si dawa pia. Rafu ya kilo 100 juu ya sakafu ya mbao inayonesa itanesa pamoja nayo.

Dhana: Rafu ya gharama huikinga mashine dhidi ya sauti ya spika.

Sauti husafiri hewani na kukigonga chombo moja kwa moja, hasa kifuniko cha plastiki cha mashine ya santuri, ambacho hupokea besi kama ngozi ya ngoma. Miguu ya rafu iwe ya dhahabu au ya mti wa mwembe, haina la kufanya kuhusu hewa. Besi hujazana pembeni mwa chumba na karibu na kuta, kwa hiyo mashine iliyopachikwa kwenye kona nyuma ya spika inateseka kwa mahali ilipo, na kuisogeza mita moja au mbili hakugharimu chochote isipokuwa waya mrefu zaidi.

Kuna jaribio linalomwonyesha mtu tatizo lake kabla hajafungua pochi. Weka santuri, usiwashe mota, teremsha sindano juu ya santuri iliyosimama, kisha pandisha sauti taratibu hadi kiwango unachosikilizia siku zote, bila kuzidisha, maana mrejesho wa besi (sauti ya spika inayorudi kwenye sindano na kukuzwa tena na tena) ukianza unaweza kuunguza spika. Sasa mtu apite chumbani kwa mwendo wa kawaida, halafu wewe gonga rafu kwa kidole. Usiposikia kitu hatua zinapopita, sakafu yako haina kesi. Ukisikia kishindo kila hatua, kesi ipo, na inatibika. Mwenye kompyuta anaweza kwenda mbele zaidi: sindano ikiwa imetulia vile vile, apige muziki wa simu kupitia spika na kurekodi kile kinachotoka kwenye mashine ya santuri. Kila atakachokikuta humo ni uchafu ulioingia kwa njia ya hewa na sakafu, na anaweza kuulinganisha kati ya rafu na rafu bila kuyategemea masikio wala maneno ya muuzaji.

Dhana: Nimebadilisha rafu na nimesikia tofauti, kwa hiyo rafu ndiyo iliyoileta.

Sina haja ya kumwambia mtu kwamba hakusikia alichosikia. Lakini anayebadilisha rafu hafanyi jambo moja. Huchomoa nyaya zote na kuzichomeka upya, na kwa kufanya hivyo husugua kutu kwenye viungio. Huisawazisha mashine ya santuri kwa pimamaji, pengine kwa mara ya kwanza tangu aihamishe. Huitenganisha katriji na transfoma ya amplifaya, ambayo uga wake wa sumaku hutia mvumo wa hezi 50 kwenye sindano iliyo karibu. Kila moja ya hatua hizi huweza kubadilisha sauti kweli kweli, na zote zinawezekana kwenye meza ya zamani mchana mmoja. Juu ya hayo, kubadilisha rafu huchukua muda mrefu, na kumbukumbu ya mtu kuhusu tofauti ndogo za sauti hufifia upesi, wakati matumaini ya aliyekwisha kulipa hayafifii.

Dhana: Cha bei nafuu au cha fundi wa mtaani ni kupoteza fedha.

Rafu za kifahari zina sifa za kweli: kazi safi, uwezo wa kubeba amplifaya za kilo 40, ngazi zinazoongezeka kadiri vyombo vinavyoongezeka, na njia za kuficha nyaya. Anayezipenda kwa sababu hizo na fedha anazo hajadanganywa na mtu. Ila fundi seremala mwenye mninga mkavu au plaiwudi nene, akishirikiana na fundi wa kuchomelea mwenye mabomba ya mraba, anaweza kutengeneza rafu isiyoyumba. Aambiwe mambo machache. Juu ya amplifaya ibaki nafasi ya angalau sentimita 10, kwani kapasita hudumu karibu nusu ya muda wake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Chipubodi isitumike, hasa pwani, kwa sababu hufura kwa unyevu na kupinda chini ya uzito. Amplifaya nzito ikae chini na mashine ya santuri juu kabisa, iwe kando ya transfoma, si juu yake.

Kwa nyumba yenye sakafu inayonesa, rafu ndogo ya ukutani kwa ajili ya mashine ya santuri pekee ndiyo ninayoiona kuwa matumizi bora ya fedha, na vyombo vingine vyote vibaki kwenye kabati la kawaida. Ukuta uwe wa matofali au mawe unaobeba nyumba, si kizigeu cha jipsamu, na usiwe ule ule ambao spika zimefungwa au kuegemezwa.