Kwa nini ng'ombe aliyechoka hutoa nyama nyeusi: msuli ulivyoundwa na unavyofanya kazi

Wakati mwingine mteja hufika buchani akakuta steki nyeusi inayokaribia rangi ya ini, kavu ukiigusa na inayonata kwenye kisu. Wengi hudhani ni nyama ya ng'ombe mzee, au mbaya zaidi, kibudu. Mara nyingi si hilo wala lile. Ng'ombe alikuwa mzima na amechinjwa ipasavyo, ila alichinjwa misuli yake ikiwa imekwisha kula akiba yake yote. Sababu yake imo ndani ya msuli wenyewe.

Chukua mnofu wa paja uukate kwa kukingama na nyuzi zake. Utaona mafungu madogo madogo yaliyotengwa na mistari myembamba myeupe. Msuli mzima umevikwa ngozi laini, kila fungu lina ngozi yake, na ndani ya fungu kila uzi nao una ala yake. Ngozi hizi zote zimefumwa kwa kolajeni, protini yenye nyuzi imara, na mwishoni mwa msuli hukusanyika zikawa kano inayojishika kwenye mfupa. Uzi mmoja ni seli moja. Unene wake ni kati ya mikromita 10 na 100 (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), yaani haushindi sana unywele, lakini urefu wake unaweza kufika sentimita kadhaa. Ndani yake zimo nyuzi ndogo zaidi, na hizo zimegawanyika vyumba vinavyoitwa sarkomea. Sarkomea ya msuli uliolegea ina urefu wa mikromita 2 hadi 2.5, kwa hiyo katika milimita moja zimo 400 au zaidi, zimepangana kama behewa za treni.

Kazi yote hufanyika humo. Kila sarkomea ina nyuzi nyembamba za protini ya aktini na nyuzi nene za miosini. Miosini ina vichwa vingi vinavyochomoza pembeni. Fikiria wavuvi wanavyovuta kokoro ufukweni: mkono unashika kamba, unavuta, unaachia, unashika mbele zaidi. Vichwa vya miosini hufanya hivyohivyo juu ya aktini. Amri ya ubongo hufika kwa njia ya neva, kalsiamu iliyohifadhiwa ndani ya seli humwagika, na vichwa vinapata nafasi ya kushika. Sarkomea hufupika, msuli mzima ukafupika, mfupa ukavutwa. Msuli haujui kusukuma, ndiyo maana hufanya kazi wawiliwawili: mmoja hukunja kiwiko cha mguu wa mbele, mwenzake hukikunjua.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni hili: msuli hutumia nguvu hata kulegea. Kichwa cha miosini hakiachii kamba mpaka kipate ATP, kile kinachobeba nishati ndani ya seli. Kalsiamu nayo hairudi ghalani yenyewe, hurudishwa na pampu zinazotumia ATP hiyohiyo. ATP ikiisha, mikono yote hubaki imeng'ang'ania kamba.

Hicho ndicho kinachotokea baada ya kuchinja. Damu imetoka, hewa ya oksijeni haifiki tena, lakini seli haijui kwamba mnyama amekufa. Huendelea kutengeneza ATP kwa kuvunja glaikojeni, sukari iliyohifadhiwa msulini. Kwa ng'ombe aliyelishwa vizuri na kutulia, kila kilo ya msuli huwa na gramu 12 hadi 19 hivi za glaikojeni. Bila oksijeni, uvunjaji huo huzaa asidi ya laktiki, na kwa kuwa hakuna damu ya kuiondoa, hubaki palepale. Kipimo cha pH, ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, hutoka takriban 7 hadi kati ya 5.4 na 5.7 ndani ya saa 24. Katika muda huohuo ATP huisha na nyama hukakamaa.

Asidi hiyo ni neema kwa muuzaji na mlaji. Huzuia bakteria kuzaliana haraka, na huipa nyama wekundu mzuri ikikutana na hewa. Ng'ombe akichinjwa glaikojeni ikiwa chini ya gramu 8 hivi kwa kilo, asidi haitoshi na pH hubaki juu, mara nyingi kupita 6. Protini hushikilia maji kwa nguvu, nyuzi huvimba zikabanana, mwanga hauakisiwi, nyama ikaonekana nyeusi. Bakteria wakikosa sukari hugeukia protini, na harufu mbaya huja mapema. Nyama hiyo ikipitishwa na mkaguzi inalika, lakini ipikwe siku hiyohiyo, isiwekwe.

Glaikojeni huishia wapi? Njiani. Fikiria ng'ombe wanaosafirishwa kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa hadi mnada wa Pugu, Dar es Salaam: wanasimama kwa saa nyingi wakijizuia wasianguke, wana kiu, wamechanganywa na wageni wakapigana pembe, na wanashushwa kwa fimbo. Hofu peke yake humwaga adrenalini, homoni ya hofu na hasira, inayovunja glaikojeni hata mnyama akiwa amesimama. Na akiba hiyo hairudi kwa usiku mmoja. Ng'ombe huhitaji siku kadhaa za malisho na utulivu kuijaza. Mapumziko ya machinjioni yanazuia hasara isiongezeke, basi. Kwa hiyo ng'ombe wa makundi tofauti wasichanganywe siku ya safari, maji yawepo wakati wote wakifika, sakafu ya kushukia isiteleze, na fimbo ibadilishwe na kitambaa au mkono unaopungwa pembeni ya jicho. Ng'ombe huondoka mwenyewe anaposogelewa kwa ubavuni, nyuma kidogo ya bega.

Baridi nayo ina kosa lake. Nyama ikishuka chini ya nyuzi joto 10 za Selsiasi mapema, kabla pH haijafika 6, pampu za kalsiamu huzidiwa na baridi, kalsiamu huvuja, na sarkomea hufupika kupita kiasi. Matokeo ni nyama ngumu ambayo kupika hakuilainishi vizuri. Kwenye chumba cha baridi, robo za ng'ombe zitundikwe zikiwa kwenye mifupa yake ili misuli isipate nafasi ya kufupika, na joto la ndani ya mnofu lisishuke chini ya 10 katika saa 10 za mwanzo, kisha zipozwe hadi kati ya 0 na 4. Hii si ruhusa ya kuacha nyama juani au mezani. Anayenunua nyama ya moto, yaani iliyochinjwa muda huohuo, asubuhi aipike mara moja, au aiweke kwenye friji siku moja ndipo aigandishe. Ikigandishwa kabla ya kukakamaa, itajikunja na kumwaga maji mengi ikiyeyuka.

Ugumu mwingine hautokani na sarkomea, unatokana na kolajeni. Sarara, iliyo chini ya uti wa mgongo kwa ndani, hufanya kazi kidogo na ina kolajeni chache, inatosha kukaangwa. Miguu na shingo hubeba mwili kutwa. Zinahitaji maji na moto mdogo kwa saa mbili au tatu mpaka kolajeni iwe ute.

Mfugaji naye huingia msulini kwa sindano. Uzi wa msuli ukiuawa na dawa kali, sehemu kubwa ya pengo huzibwa kwa kovu la kolajeni. Ndiyo maana dawa za msulini zichomwe shingoni, kwenye pembetatu iliyo mbele ya bega, chini ya kano nene ya juu na juu ya mifupa ya shingo, wala si pajani ambako ndiko nyama ya thamani ilipo na ambako hupita neva kuu ya mguu. Ndama aliyechomwa kwenye neva hiyo huburuta mguu. Tumia sindano safi namba 16 au 18, si zaidi ya mililita 10 mahali pamoja, na kati ya tundu na tundu pawe na nafasi ya kiganja. Kabla ya kusukuma dawa vuta bomba kidogo. Ukiona damu, chomoa uchome pengine. Kisha andika tarehe, na mnyama asichinjwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe.