Mfumo unaostahimili hitilafu ni mfumo gani?

Wengi wakisikia hili neno wanadhani ni mfumo usioharibika. Hapana, huo haupo. Mfumo unaostahimili hitilafu ni ule ambao kitu kimoja ndani yake kikifa kazi inaendelea, na kwenye vyombo vya anga hii ni lazima maana huko juu humwiti fundi. Mionzi inapiga chipu inageuza biti, yaani zile 0 na 1 ambazo kompyuta inahifadhia kila kitu, 0 inakuwa 1, namba iliyokuwa sahihi sasa hivi tu imeshakuwa ya uongo.

Ndo maana Space Shuttle, vyombo vya anga vya Marekani, zilibeba kompyuta 5. Wakati wa kuruka na kutua nne zinapiga hesabu zilezile na kulinganisha majibu, moja ikija na jibu lake peke yake wenzake wanaikamata. Ya tano ndo naipenda zaidi, programu yake iliandikwa na timu nyingine kabisa, ili timu ya kwanza ikikosea kosa lisiwepo kote.

Wahangaike hivyo kwa nini? Chukua wakala wa miamala hapa Kariakoo, ana simu mbili ili moja ikizingua ashike nyingine, ila zote anachajia soketi moja, umeme ukikatika asubuhi mpaka saa 8 mchana zote zimezima na wateja wameshahamia kwa jirani. Simu mbili anazo, akiba hana.

Roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliingia mtego huohuo tarehe 4 Juni 1996 kule Kourou, Guyana ya Ufaransa. Vifaa vya kupima mwelekeo vilikuwa viwili, kimoja cha akiba, lakini programu ileile moja, tena imetolewa kwenye roketi ya zamani, Ariane 4. Roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi, namba fulani kwenye hesabu ikazidi nafasi ya biti 16 iliyotengewa, cha akiba kikazima, na haikufika hata sehemu ya kumi ya sekunde kikuu nacho kikazima kwa kosa hilohilo. Roketi ikapoteza mwelekeo, na sekunde kama 40 toka iruke ikasambaratika. Na kinachoniuma, hesabu yenyewe ilikuwa haina kazi tena roketi ikishaondoka chini.

Sasa angalia Voyager 1, chombo cha anga cha Marekani kilichorushwa 1977. Mwishoni mwa 2023 ikaanza kutuma data zisizoeleweka, chipu moja ya memori imekufa, wahandisi wakakatakata programu iliyokuwa humo wakaitawanya sehemu nyingine za memori zilizo nzima, kila amri wakisubiri karibu siku mbili kupata jibu, na Aprili 2024 ikaanza kueleweka tena.